Kabla ya Kuimba, Unaongeaje?

Tupige hesabu ndogo ya mwanakwaya wa Lorugum, Turkana. Mazoezi ni jioni mbili kwa wiki, tuseme saa moja na nusu kila jioni, kisha Misa au ibada ya Jumapili. Hata ukiongeza mkesha wa matanga, kuimba kwake kwa wiki nzima hakuzidi saa nane. Saa zinazobaki, akiwa macho, anaongea. Anapatana bei ya mbuzi. Anakemea watoto waliosogelea kisima. Anampigia simu dada yake aliye Kakuma, mtandao unakuja na kwenda, naye anazidi kupaza sauti kana kwamba anataka imfikie bila simu. Anamsalimu jirani aliye ng'ambo ya laga, yaani mto wa msimu, na jirani anamjibu kutoka huko huko. Halafu Jumapili soprano ikipasuka kwenye ubeti wa tatu, lawama zote zinamwangukia mwalimu wa kwaya: ameanzisha juu mno.

Mara nyingine ni kweli ameanzisha juu mno. Lakini mara nyingi koo lilifika kanisani likiwa limechoka tayari. Hatuna koo la kuongelea na jingine la kuimbia. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, anayetaka kuimba vizuri asikimbilie mazoezi ya do-re-mi kwanza. Asikilize jinsi anavyoongea tangu Jumatatu, arekebishe hapo, kisha aone kama do-re-mi haitakuja yenyewe kwa urahisi zaidi.

Ndani ya kikoromeo kuna mikunjo miwili midogo tunayoiita nyuzi za sauti. Kwa mwanamume mzima urefu wake ni karibu sentimita 2 tu, na kwa mwanamke ni pungufu kidogo. Hewa ikitoka mapafuni inapita katikati yake, nazo hugongana na kuachana kama viganja vinavyopiga makofi, ila kwa kasi isiyowezwa na mkono wowote. Mwanamume akiongea kwa kawaida, hugongana mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Kwa mwanamke ni karibu mara 200. Zidisha uone: mwanamke akiongea dakika moja bila kupumzika, ni makofi 12,000. Sasa ongeza nguvu ya kila kofi, maana anayefoka hapigi makofi ya heshima. Aliyezitazama kwanza nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi, akaeleza alichokiona, hakuwa daktari bali mwalimu wa uimbaji, Mhispania Manuel García, mwaka 1854. Alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Jua sisi tunalo. Kioo ndicho cha kutafuta.

Tuanze na ukubwa wa sauti, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapojiumiza. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila kondakta wa matatu ya Lodwar analijua bila kusoma: mtu akizingirwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Hajui kama amepaza. Ukimwambia anafoka, atakataa kabisa, tena kwa kufoka. Jenereta ya duka, bodaboda inayounguruma, spika ya mchuuzi wa simu iliyoelekezwa barabarani, upepo wa mchana unaovuma masikioni: vyote hivyo vinakupandisha sauti polepole mpaka jioni, na mazoezi ya kwaya yanaanza saa kumi na moja.

Dawa si kujiambia "nitaongea taratibu." Masikio hayasikii maneno hayo. Dawa ni kubadili mahali. Ukiwa umebebwa kwenye bodaboda, acha kuongea na dereva, mtasemezana mkishuka. Ukipiga simu na mtandao ni mbovu, jua kwamba kufoka hakuongezi mtandao. Sema polepole, kata maneno vizuri, rudia sentensi fupi. Mara nyingi mwenzako anakusikia sawasawa, wewe ndiye humsikii, na sikio lako linakudanganya kwamba yeye pia hasikii. Dukani, msogelee mwenye duka. Nyumbani, mfuate mtoto alipo, au mtume mwenzake akamwite. 

Walimu wana shida kubwa kuliko wote, na kwaya nyingi zimejaa walimu. Katika shule za kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, na za makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016, si ajabu kukuta darasa moja lina wanafunzi zaidi ya 100. Mwalimu anayejaribu kuwashinda kwa koo atashindwa tu, mapema au baadaye. Ashindane nao kwa njia nyingine. Apige makofi kwa mdundo ambao watoto wameshafundishwa kuujibu, na wakishajibu wanakuwa wamenyamaza. Asisimame ubaoni tu. Apite katikati ya madawati, aongee na nusu ya darasa, kisha nusu nyingine. Maagizo yanayorudiwa kila siku ayaandike, au amwachie kiranja ayatamke. Na jambo gumu kuliko yote: asubiri kimya kiwepo ndipo aseme. Sekunde kumi za kusubiri zinaonekana ndefu mno kwa mwalimu mpya, lakini zinampunguzia sana kazi ya kufoka hadi saa nane mchana.

Kuna watu wanaopaza sauti kutwa nzima na hawaumii. Hapa ndipo mambo yanapopendeza.

Msikilize mchungaji anayemwita mwenzake upande wa pili wa bonde, kuelekea milima ya Loima. Sauti inafika mbali sana, lakini shingo yake haijatutumka mishipa. Msikilize sasa mtu anayegombana sokoni: sauti haifiki hata mita mia, na kesho yake amekauka. Tofauti yao inaonekana ukiwatazama. Wa kwanza anavuta pumzi kabla ya kuita, tumbo linajaa, kisha anaachia irabu moja ndefu, "eeee" au "oooo", juu ya noti moja, mdomo ukiwa wazi. Jina analolitaja limenyooshwa mpaka limekuwa nusu wimbo. Wa pili hana irabu. Anapiga konsonanti, maneno yanatoka kwa vishindo, kila neno linaanza kwa kugonganisha nyuzi kwa nguvu kabla hewa haijafika, na pumzi ilimwishia zamani. Wa kwanza anaita. Wa pili anafoka. Mwimbaji ni ndugu wa yule wa kwanza.

Historia ya uimbaji wetu inalo jambo hili waziwazi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, kabla hajawa malkia wa taarab alikuwa mchuuzi wa vyungu alivyofinyanga mama yake. Inasimuliwa kwamba alivinadi kwa kuimba akipita njiani, na watu walimsikia kutoka mbali kabla hawajamwona. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na zilipofika Afrika Mashariki watu walizipigania. Sisemi vyungu vilimfanya Siti awe Siti. Kipawa alikuwa nacho, na mjini alipata walimu na wanamuziki. Lakini koo lililozoea kuita kwa irabu ndefu, mtu akitembea na mzigo kichwani, lilikuwa limeshapata nusu ya mafunzo.

Jaribu mwenyewe. Nenda laga ikiwa kavu, simama, mwenzako aende hatua hamsini. Kwanza mwite kama unayemgombeza. Pumzika. Kisha mwite kama unayemtaka aje kula: vuta pumzi, nyoosha irabu ya mwisho ya jina lake, uiache ielee. Rudia mara mbili tatu, kisha, bila kubadili chochote kooni, geuza mwito huo uwe noti ya kwanza ya wimbo wenu wa Jumapili. Wengi hushangaa, kwa sababu noti inatoka kubwa kuliko walivyozoea na haikwaruzi. Hawajajifunza kitu kipya. Wametoa sauti waliyokuwa nayo tangu utotoni wakichunga, wakaiingiza mahali ambapo walikuwa wakiimba kwa adabu ya kubana koo.

Ngoma ya edonga ya Waturkana inaweza kufundisha mengi hapa, na nasikitika kwamba baadhi ya walimu wa kwaya huwaambia wanakwaya wao waisahau wanapoingia kanisani. Edonga inategemea sauti, makofi na miguu. Mmoja anaanzisha, kundi linaitikia, wanaume wanashikilia chini, na mtu anayemsifu fahali wake huinua mikono juu kwa umbo la pembe. Simama hivyo, mikono juu, uvute pumzi: mbavu zinafunguka zenyewe, mabega hayana njia ya kupanda zaidi, pumzi inalazimika kushuka chini. Ni mkao ambao walimu wa uimbaji wa Ulaya huutafuta kwa maelezo ya nusu saa. Kisha shusha mikono polepole bila kuziangusha mbavu. Hapo ndipo pa kuimbia, na hapo ndipo pa kuongelea pia ukiwa na watu wengi mbele yako.

Kwa upande mwingine, mikao yetu ya kuongea kila siku huiharibu pumzi hiyo. Mzee aliyeketi juu ya kigoda cha ekicholong, magoti yakikaribia kifua, tumbo limekunjwa. Maongezi ya kivulini yanamtosha, lakini akiombwa kuanzisha wimbo pale pale alipoketi atauanzisha kwa koo tupu. Ainuke. Kijana aliyeinamia simu, kidevu kimetoka mbele, amekibana kikoromeo chake tangu asubuhi. Kwa mkao mzuri wa shingo sihitaji kutafuta mfano mbali: mtazame mwanamke anayerudi kisimani na jerikani ya lita ishirini kichwani. Kichwa kiko juu ya uti wa mgongo, macho mbele, shingo ndefu, mabega yameshuka. Kama umewahi kubeba, mwili wako unaukumbuka mkao huo. Ukisimama kwenye kwaya, simama hivyo bila jerikani.

Sasa pumzi katika maongezi. Wengi wetu huongea kupita pumzi yetu. Sentensi imebaki na maneno manne, hewa imekwisha, na badala ya kutulia tunayasukuma maneno yale manne nje kwa koo. Sauti inashuka, inakwaruza, inakatika kama mlango mkavu. Anayemaliza sentensi zake hivyo kutwa nzima atamaliza mistari ya wimbo hivyo hivyo: noti ya mwisho itashuka chini ya mahali pake, na mwalimu atasema besi wanavuta. Salamu zetu ndefu zinatoa nafasi nzuri ya kujizoeza, kwa kuwa hakuna anayeharakisha. "Ejoka?" Jibu, pumua. Uliza habari za watoto, pumua. Habari za mifugo, pumua. Mvua je, huko kwenu? Hakuna atakayekuona una dosari. Utaonekana mtu mwenye adabu.

Mwisho wa neno unataka maelezo zaidi, hasa kwa wanakwaya ambao lugha yao ya kwanza ni Kiturkana. Katika Kiturkana, irabu nyingi za mwisho wa neno, mtu anapotua, hutamkwa kwa pumzi tu bila sauti, kama mnong'ono. Hilo si kosa, ndiyo lugha yenyewe ilivyo, na anayesema vinginevyo hajui anachokisema. Lakini nyimbo zetu nyingi za kanisani ni za Kiswahili, na watunzi hupenda kuweka noti ndefu kwenye silabi ya mwisho kabisa ya mstari. Kiswahili chenyewe huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile ya mwisho tayari ni dhaifu kimatamshi. Dhaifu juu ya mnong'ono: kwaya nzima inafika kwenye "Bwana" na ile "na", iliyopewa mapigo manne na mtunzi, inayeyuka katika pigo la pili. Mwalimu anapiga meza na kudai pumzi. Pumzi ipo. Kinachokosekana ni sauti ndani ya irabu ya mwisho.

Njia ya kulitatua ni kuongea. Chukueni mstari mmoja, muuseme pamoja kama mnaozungumza, ila silabi ya mwisho muipe sauti kamili na muinyooshe kwa hesabu ya nne. "Bwa-naaaa." Rudieni mpaka isisikike kichekesho. Kisha semeni tena mkipandisha kidogo, kisha kwenye noti yenyewe. Dakika tano za hivyo zinazidi dakika arobaini za kuimba mstari huo mkiukosea.

Ila Kiturkana kinampa mwimbaji zawadi pia, na sijaona ikitumiwa vya kutosha. Lugha hii ina irabu tisa, ambapo Kiswahili kina tano, na irabu hizo zimegawanyika katika makundi kwa namna shina la ulimi linavyokaa. Katika kundi moja shina la ulimi husogezwa mbele na koo nyuma yake likapanuka. Katika kundi jingine shina hurudi nyuma na koo likawa jembamba zaidi. Ndani ya neno moja, irabu kwa kawaida hufuatana kwa kundi. Sasa, ombi kubwa la walimu wa uimbaji duniani kote ni moja: "fungua koo." Mtoto wa Lorugum hulifungua na kulibana mara nyingi kwa siku, tangu alipoanza kusema, bila kufundishwa. Mwombe mwanakwaya wako atamke polepole maneno mawili ya nyumbani kwao, moja la kundi pana na moja la kundi jembamba, aguse shingo chini ya taya asikilize tofauti. Kisha aimbe "o" na "e" za Kiswahili kwa koo la lile neno pana.

Kakuma, ambako katika benchi moja la kwaya unaweza kukuta Mdinka, Mkongomani, Mrundi na Mturkana wa pale pale, kiongozi anahitaji sikio la namna hii zaidi. Kidinka hutofautisha irabu zenye pumzi nyingi na zile zilizo kavu. Pumzi ile ni sehemu ya neno, ikibadilika na neno hubadilika. Kijana wa Kidinka akiimba Kiswahili kwa sauti yenye upepo, asiambiwe kwamba ni mvivu. Aambiwe atumie irabu yake nyingine, ile isiyo na pumzi, ambayo anayo pia tangu nyumbani. Mkongomani naye, kama ameongea Kiswahili maisha yake yote, atakuja na irabu zilizo wazi tayari. Mweke katikati ya safu wenzake wamsikie, basi, hapahitaji hotuba.

Kimo cha sauti ya kuongea nacho kina matata yake. Vijana waliobaleghe juzi huongea chini kuliko koo lao linavyotaka ili waonekane wanaume. Wasichana wengine huongea juu na kwa wembamba ili waonekane wana heshima, hasa mbele ya wazee. Wote hao wanaondoka mahali ambapo nyuzi zao zinapumzika, na kwenye kwaya kijana anaomba besi ambayo hana, msichana anapelekwa soprano kwa kuwa "ana sauti nyembamba." Kipimo ni rahisi. Mtu akikusimulia habari, wewe husema "mhm" kumwonyesha unamsikiliza. Hiyo "mhm", inayotoka bila kufikiri, kwa kawaida iko karibu sana na mahali pako halisi. Itoe, kisha sema jina lako kwenye kimo hicho hicho. Kama jina linasikika geni, umekuwa ukiishi mahali pa mtu mwingine. Na mvulana ambaye sauti yake inavunjika asilazimishwe kushika sehemu yoyote kwa sababu ya mashindano ya tamasha la muziki la shule. Aimbe noti chache za katikati, mengine yatafika kwa wakati wake.

Kuna mambo mawili madogo ambayo watu huyafanya wakidhani wanajilinda. La kwanza ni kukohoa ili kusafisha koo. Msomaji wa somo anapanda mimbarini, anakohoa mara tatu, anaanza. Kukohoa kule kunazikwangua nyuzi na kuzifanya zitoe ute zaidi, na baada ya muda mfupi anahitaji kukohoa tena. Meza mate, kunywa maji funda moja, au guna "mmm" laini midomo imefungwa, ute utasogea. La pili ni kunong'ona siku sauti imekauka. Wengi wakinong'ona hubana koo kuliko wanapoongea. Kama sauti imechoka, nyamaza. Kama kunyamaza hakuwezekani, ongea polepole, kwa sauti ndogo ya kawaida, na kwa maneno machache.

Maji. Lodwar hupata mvua kidogo mno, kiasi cha milimita 200 kwa mwaka, na joto la mchana linapita nyuzi 35 siku nyingi. Hewa hii inakausha kila kitu, na vumbi linamalizia. Watu hunywa chupa nzima dakika mbili kabla ya kuimba, wakidhani maji yanapita juu ya nyuzi za sauti. Hayapiti. Yakipita huko utakuwa umepaliwa. Maji huenda tumboni, yakaingia damuni, kisha yakazifikia nyuzi kwa njia hiyo ndefu. Kwa hiyo maji ya kuimbia Jumapili ni ya Jumamosi: funda kwa funda tangu asubuhi. Najua maji hapa si kitu cha kuchezea, na jerikani moja ina wenyewe wengi. Basi punguza kinachokausha. Pumua kwa pua unapotembea au kupanda pikipiki, funika pua na mdomo kwa leso vumbi likivuma, na kaa nje ya moshi wa jikoni ikiwezekana, japo najua anayepika hana pa kukimbilia.

Maziwa siwakatazi. Kuna vitabu vinavyosema mwimbaji asinywe maziwa, na walioviandika hawakuwafikiria watu ambao maziwa ndiyo chakula. Ukihisi mate yamekuwa mazito, suuza mdomo kwa maji, uimbe. Tumbaku ni jambo jingine, iwe ya kutafuna au ya kuvuta, na miraa pia. Miraa ina hasara mbili kwa pamoja: inakausha kinywa, na inamfanya mtafunaji aongee usiku kucha. Hapo kila mara atatokea mtu wa kunitajia Bi Kidude, aliyevuta sigara zake na bado akaimba Zanzibar mpaka uzeeni, hadi alipofariki Aprili 2013. Ni kweli. Na mkwaruzo wa sauti yake tuliupenda. Lakini yeye alikuwa Bi Kidude, nawe soprano wa safu ya pili unatakiwa upande na wenzako.

Kwa siku ya Jumapili yenyewe, kabla ya kuimba, nashauri kitu kimoja tu: mrija wa soda na kikombe cha maji nusu. Tia ncha ya mrija ndani ya maji, kina cha vidole viwili hivi, guna kupitia mrija huo mpaka maji yachemke mapovu, ukipanda na kushuka polepole kama king'ora kilicho mbali. Fanya dakika tatu hadi tano. Mapovu yakikatika, pumzi imekatika. Yakiruka nje ya kikombe, unasukuma mno. Shinikizo linalorudi kutoka kwenye mrija hupunguza nguvu ya nyuzi kugongana, na zinaamka bila kuumia. Wataalamu wa sauti kama Mmarekani Ingo Titze wamelifanyia zoezi hili utafiti wa miaka mingi, nalo halihitaji chumba wala kinanda. Baada ya mrija, semeni maneno ya wimbo wa kwanza kwa mdundo wake, bila noti. Kisha imbeni.

Na mkishaimba, msiharibu. Muda mbaya kuliko wote kwa koo ni ule baada ya mazoezi au mkesha, kwaya imesimama uani, kila mtu anacheka na kusimulia juu ya mwenzake, jenereta bado inanguruma na spika ya mhubiri haijazimwa. Nyuzi zimevimba kidogo kwa kazi ya kuimba, nazo zinapewa kazi nyingine. Tokeni hapo. Simulianeni njiani.

Sauti ikikwaruza kwa mafua, itarudi mafua yakiisha. Ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila sababu, acha tangawizi na asali uende hospitali. Lodwar ipo hospitali ya rufaa ya kaunti. Omba uelekezwe kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Nenda mapema zaidi kama unameza kwa maumivu, umeona uvimbe shingoni, au makohozi yana damu. Vinundu vya nyuzi za sauti vinavyoletwa na kufoka mara nyingi hupungua mtu akibadili namna ya kuongea, bila kisu, lakini lazima mtu avione kwanza ndipo ajue kama ni vinundu. Ukifika, usiseme tu kwamba unaimba kwaya. Eleza kazi yako, saa unazoongea kwa siku, kiungulia kama unacho, moshi, tumbaku. Na kama wewe ni mwalimu wa darasa la watoto mia na daktari amekwambia unyamaze wiki mbili, mwombe barua ya kumpelekea mwalimu mkuu kabla hujatoka chumbani mwake.